Pasi

Kazi yangu ni pasi. Saa kumi kwa siku
nanyoosha mashuka ya hoteli hapa Ghubra,
meupe, mapana, ya watu wasiojua jina langu.
Na ile pasi nyingine, ya kitabu,
imelala mkobani chini ya kanga,
kurasa thelathini na mbili, karibu zote tupu.
Pasi na pasi hufiki mahali.

Kwetu Pangani ukitaja viza
bibi atauliza: yai la kuku yupi?
Maana viza ni yai lililolaliwa siku zote ishirini na moja
na halikuanguliwa.
Nacheka peke yangu kwenye foleni. Namba arobaini na tatu ananigeukia.
Mimi ni arobaini na nne.

Mume wangu Ruslan huchomea vyuma, bandari ya Sohar.
Mthai wa Narathiwat; baba yake hugema mpira
kama wetu wanavyogema mnazi.
Mkataba wake unakwisha Shaabani.
Tuliozwa na kadhi, mashahidi wawili, mahari cherehani.
Tunazungumza Kiarabu cha sokoni, kilichovunjika,
kila mtu ameshika kipande chake.

Wanataka cheti cha ndoa. Kitafsiriwe.
Tafsiri igongwe muhuri. Muhuri nao ugongewe muhuri.
Barua ya benki, kwamba riyali zake
zimelala miezi miwili bila kuguswa.
(Heri zao. Sisi hatujalala hivyo.)

Mfasiri wa Ruwi aliniuliza mara tatu:
Mwanahamisi, ni neno moja au mawili?
Nikamwambia ni siku. Ni Alhamisi, mvua inanyesha,
na mama hakuwahi kufika hospitali.
Akaliandika kwa Kithai, vijiduara vidogo vidogo
kama mkufu uliodondoka sakafuni. Sikujiona humo.
Ruslan akaweka kidole: unaanzia hapa,
unaishia hapa. Hatuachi nafasi kati ya maneno, alisema,
msomaji ajue mwenyewe pa kupumulia.

Na picha. Picha nne, mkiwa nyumbani kwenu.

Nyumba gani? Yeye analala kambini, sita chumba kimoja,
mimi bweni la wafuaji, kitanda cha juu.
Nyumba yetu ni Ijumaa.
Inafunguliwa saa nne, basi la Sohar likifika,
inafungwa magharibi.

Tukaazima sebule ya Bi Zuwena, Al Khuwair,
aliyezaliwa Wete na akiungua jikoni bado hutukana Kipemba.
Tukakalia kochi lake la maua, tukashika vikombe vyake,
na yeye, simu mkononi, anafoka:
Sogeeni! Mmeoana au mmegombana?

Sasa dirishani afisa anaitazama picha ya tatu.
Dada mpole, kalamu ya kijani.
Paka wenu anaitwa nani?

Paka.
Mkia tu, pembeni mwa kochi, wa rangi ya chungwa.
Nilikuwa nimekariri tarehe ya ndoa, jina la mama mkwe,
vijiko vya sukari, jino lake lililong'olewa.
Paka sikumkariri.

Nikasema: paka si wetu. Wala kochi. Wala vikombe.
Lakini shati alilovaa, nimelipiga pasi mimi.
Itazame kola hiyo, dada yangu. Utafute mkunjo.
Hiyo ndiyo yetu.

Akaigeuza picha kuelekea kwenye taa.
Akaitafuta kweli.
Kisha akaandika kitu kirefu, bila nafasi katikati,
nami sikujua pa kupumulia.

Rudi Jumapili, alisema.
Si ndiyo, si hapana. Sijui kama nimepasi.

Nimerudi kwenye mashuka yangu, mvuke usoni.
Nampigia Ruslan: wameuliza habari za paka.
Anacheka mpaka wenzake wanazima mitambo.
Halafu kimya. Halafu, taratibu,
kwa kile kipande chake cha Kiarabu:
Kwani anaitwa nani?